Nambari Kwanza, OK Baadaye

Niliajiriwa Tunguu mwaka 1961, nikiwa kijana niliyetoka skuli karibuni. Wamarekani walikuwa wamejenga kituo chao huko, kiasi cha maili kumi kutoka mjini Unguja, katikati ya minazi na mihogo. Leo nina zaidi ya miaka themanini, na wengi katika wenzangu tuliofanya kazi pale wametangulia mbele ya haki. Watu wakiniuliza habari za Tunguu hutaka nieleze siasa na siri. Mimi nataka kwanza nieleze neno. Wajukuu wangu hulitamka tangu asubuhi hadi usiku, kwenye simu na mezani, kwa herufi mbili tu: OK. Mimi nililifahamu vizuri kwa watu ambao hawakulisema ovyo, katika kazi ambayo roho ya mtu ilikuwa juu yake. Na nililifahamu katika nchi ambayo wakati ule haikuwa imeulizwa jambo lolote.

Kituo kile kilikuwa cha mradi wa Mercury, ule wa Marekani wa kumpeleka mtu angani. Chombo kinachozunguka dunia kikiwa chini namna ile hakiwezi kuzungumza na Marekani wakati wote, kwa sababu dunia ni mviringo na sauti ya redio haipindi kulifuata umbo hilo. Kila kituo cha ardhini hukipata kwa dakika chache tu kinapopita juu yake, halafu kinazama upande wa pili. Kwa hiyo walitandaza vituo 18 kuizunguka dunia: kuanzia Cape Canaveral, kupitia Bermuda, meli katika Atlantiki, visiwa vya Canary, Kano huko Nijeria, kisha Unguja, halafu meli nyingine katika Bahari ya Hindi, Australia, na kuendelea katika Pasifiki mpaka Marekani tena. Sisi Tunguu hatukuwa na roketi wala kombora. Tulikuwa na antena za kupokea vipimo vya chombo na afya ya rubani, na redio ya kuzungumza naye.

Lakini mjini na mashamba habari hazikuwa hivyo. Uingereza na Marekani zilikubaliana juu ya kituo hicho mwaka 1960, wakati Unguja ikiwa bado chini ya himaya ya Waingereza, na mwananchi alipata habari mambo yakiwa yamekwisha. Chama cha siasa cha Hizbu, ambacho Abdulrahman Babu alikuwa katibu mkuu wake, kilikipinga kituo kwa nguvu. Watu waliandamana. Walisema kisiwa kitakuwa shabaha ya vita vya wakubwa. Ami yangu alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakitembea kwenye maandamano hayo, na niliposema nimepata kazi Tunguu aliniita barazani kwake baada ya sala ya Isha.

"Hebu niambie, mwanangu. Ile mizinga yao imeelekezwa wapi?"

"Si mizinga, ami. Ni masikio tu. Yanasikiliza."

"Na sisi tuliulizwa kama tunataka masikio ya watu shambani kwetu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Aliniruhusu kwenda kazini, kwa sababu nyumbani tulihitaji mshahara ule, lakini swali lake hakulifuta. Nilikwenda nalo Tunguu, na kila nilipozidi kuielewa kazi ya pale ndipo nilipozidi kuona kwamba swali la ami na kanuni za wale Wamarekani vilikuwa vinazungumzia jambo moja.

Mimi nilikuwa msaidizi katika banda la jenereta. Umeme ukikatika hata kwa dakika moja chombo kikiwa juu yetu, kituo kizima kinakuwa kiziwi, na dakika hiyo hairudi. Kwa hiyo tulikuwa tukiendesha mashine, tukiwa na nyingine tayari ya kuipokea kazi, na kila baada ya muda tulipita na daftari: presha ya oili, joto la maji, dizeli iliyobaki katika tangi, volti, na mzunguko wa umeme kwa sekunde. Siku za majaribio sanduku la simu ya ndani ukutani liliita, na sauti kutoka chumba kikuu ikawa inapita idara moja baada ya nyingine kuuliza hali. Zamu yetu ikifika, mmoja wetu hujibu.

Msimamizi wetu alikuwa Mmarekani wa makamo, mpole wa maneno na mkali wa kazi. Kulikuwa na fundi mmoja Mgoa, mtu wa mjini, aliyekuwa akitufasiria pale Kiingereza cha puani kilipotushinda. Siku moja ya mazoezi, kijana mwenzangu aliulizwa hali ya umeme naye akajibu upesi, "OK." Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Alimwendea, akamwonesha saa ya presha ya oili, akamtaka aisome kwa sauti. Kisha ya joto. Kisha ya volti. Alipomaliza kuzisoma zote, ndipo akamwambia: haya, sasa sema OK. Yule fundi Mgoa alitufasiria kwa maneno ambayo yamebaki kichwani mwangu mpaka leo: "Bwana anasema nambari kwanza, OK baadaye."

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyokuwa tukijibu. Tulitaja kipimo, kisha neno. Na nikaanza kusikiliza Wamarekani walivyokuwa wakisemezana wenyewe kwa wenyewe. Kulikuwa na OK ya kawaida, na kulikuwa na nyingine iliyoongezwa herufi mbele yake: A-OK. Hii ya pili niliisikia zaidi kwa watu wa redio walipokuwa wakipima njia za mawasiliano. Mmoja hupeleka sauti, mwingine upande wa pili huisikiliza, na kama imefika yote bila mkwaruzo hujibu A-OK. Fundi Mgoa alinieleza sababu aliyopewa na wao: katika redio yenye kelele, sauti ya O hufifia na kumezwa, lakini A ya Kiingereza inapenya kama ilivyo.

Neno hilo lilipata umaarufu duniani kote mwaka uleule. Tarehe 5 Mei 1961 Alan Shepard alirushwa kutoka Cape Canaveral, Mmarekani wa kwanza kufika angani, kwa safari ya robo saa tu ya kupanda na kushuka baharini. Msemaji wa mradi, Luteni Kanali John Powers, ambaye wenzake walimwita Shorty, alikuwa akiwatangazia waandishi kila hatua, na akawa anasema mambo ya rubani ni A-OK. Magazeti yakalinyakua. Watu wakaamini ni Shepard mwenyewe aliyekuwa akisema hivyo kutoka angani. Kanda za sauti zilipokuja kusikilizwa upya ilionekana Shepard hakulitamka hata mara moja. Alikuwa akitoa vipimo vyake na kusema OK ya kawaida. A-OK ilikuwa ya Powers.

Baadaye Powers alisema hakulibuni yeye, amelichukua kwa mainjinia wa mawasiliano. Historia rasmi ya mradi wa Mercury inamuunga mkono: inawataja Tecwyn Roberts na Henry Clements, waliolitumia katika ripoti zao miezi kadhaa kabla ya safari ya Shepard, na inamtaja Paul Lein wa kampuni ya Western Electric, aliyekuwa akilitumia wakati mtandao wa vituo ukijengwa. Niliposoma hayo nikiwa mtu mzima nilifurahi sana, kwa sababu Western Electric ndiyo iliyoongoza ujenzi wa vituo vile, na cha Tunguu kilikuwa kimoja wapo. Kwa hiyo neno lile lilikuwa la watu wa waya na antena kabla halijawa la magazeti. Sisi tuliokuwa tukilisikia kwenye sanduku la ukutani tulilipata karibu kabisa na chimbuko lake.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, na anayejifunza Kiingereza hupotea hapo. OK peke yake ina kazi nyingi. Inaweza kuwa kukubali: nimesikia, nitafanya. Inaweza kuwa kuuliza: tumeelewana? Inaweza kuwa njia ya kufunga mazungumzo na kuondoka. Lakini ukimuuliza Mmarekani chakula kilikuwaje, akakujibu kilikuwa OK, hajakisifu. Amekuambia kililika. Ni kama mtu wa Unguja aliyealikwa karamuni akaulizwa pilau, akasema "haikuwa mbaya"; mpishi akisikia hivyo hana cha kujivunia. A-OK inaondoa huo uvuguvugu. Anayesema mashine ni A-OK anasema kila kitu kimo mahali pake na hakuna dosari aliyoiona. Anayesema mgonjwa wake sasa ni A-OK anasema amepona kabisa. Sisi tungesema barabara, au safi kabisa.

Na maneno yote mawili ni ya kuzungumza. Hayakai katika barua ya rambirambi wala katika hukumu ya mahakama. A-OK hasa ina harufu ya miaka ile ya 1960, na kijana wa leo wa Marekani akiitamka huwa anafanya uchangamfu. Hata ishara yake, kidole gumba na cha shahada vikiunganishwa kuwa duara na vingine vitatu kuinuliwa, si ya kutumia popote. Ufaransa duara hilo laweza kumaanisha sifuri, yaani kitu hakina thamani, na ziko nchi ambako ni tusi zito. Mtu akiwa ugenini ni bora atumie mdomo.

Sasa nirudi Tunguu, kwa sababu maana ya kweli ya neno hilo niliiona usiku na mchana wa mwanzo wa mwaka 1962. John Glenn alikuwa azunguke dunia, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Safari iliahirishwa tena na tena. Tarehe 27 Januari Glenn alikuwa amekwishafungwa ndani ya chombo chake kwa saa nyingi, na ikabakia chini ya nusu saa, mawingu yakazuia. Akateremshwa. Baada ya hapo ikawa mara hitilafu katika roketi, mara hali ya hewa. Kila mara sisi huku tulikuwa tumeshajiandaa, mashine zinanguruma, matangi yamejaa, halafu sauti katika sanduku ikasema kwamba leo basi.

Baadhi ya vijana walichoka, wakaona Wamarekani hawajui wanalolitaka. Mimi nilianza kuwaheshimu kwa sababu hiyohiyo. Dunia nzima ilikuwa ikiwatazama. Warusi walikuwa wamekwishampeleka Yuri Gagarin tangu tarehe 12 Aprili 1961, na baada yake Gherman Titov akazunguka siku nzima mwezi Agosti. Aibu ya kuchelewa ilikuwa kubwa. Hata hivyo mtu mmoja aliyekaa mbele ya saa yake ya kipimo aliweza kusema bado, na safari nzima ikasimama, na hakuna aliyemfukuza kazi. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba OK ya watu wale ilikuwa na uzito kwa sababu BADO nayo ilikuwa ruhusa. Pale ambapo mtu hathubutu kusema bado, OK yake haina habari yoyote ndani yake. Anayeisikia hajui lolote zaidi ya alilolijua kabla hajauliza.

Tarehe 20 Februari 1962 ilikuwa Jumanne, katikati ya Ramadhani. Glenn alirushwa saa tatu na dakika 47 asubuhi kwa saa za kwao, ambayo kwetu ilikuwa jua linaelekea kuzama. Tulikuwa tumefunga, na katika banda la jenereta joto la mashine na kiu vilikuwa vimekutana. Tangi la dizeli tulilipima mara mbili kwa fimbo ingawa lilikuwa na kipimo chake. Kama nusu saa baada ya kurushwa, chombo kikiwa kimeshapita Kano, sanduku likaita na kuuliza idara zote. Nilisoma presha, joto, volti, mzunguko. Kisha nikasema OK. Sauti ya upande wa pili ikarudia nambari zangu, ikapita kwa idara nyingine.

Hatukumwona mtu. Jua lilikuwa bado juu ya minazi na hakuna nyota iliyoonekana. Hatukusikia sauti yake pia, kwa sababu ilikuwa ikisikika chumba kikuu tu. Tulichokuwa nacho ni sindano ya volti ambayo haikutikisika kwa dakika zile zote. Mwendo wa chombo cha Glenn ulikuwa kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa. Baadaye tulijua kwamba dakika chache baada ya kutuacha, akiwa juu ya Bahari ya Hindi, aliona jua likizama, akaingia katika usiku wakati sisi tulikuwa bado tunasubiri adhana ya magharibi. Akafika Australia, ambako watu wa mji wa Perth walikuwa wamewasha taa zao ili azione, naye akawashukuru.

Tulifuturu hapohapo kazini, tende na uji na muhogo uliopikwa kwa nazi, mmoja akila na mwingine akiangalia saa za mashine. Chombo kilikuwa kikizunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na wakati wa mzunguko wa pili, watu wa mji wakiwa wanajiandaa kwa tarawehe, kukawa na jambo. Kule Cape Canaveral kipimo kimoja, walichokiita segmenti ya 51, kilianza kuonesha kwamba ngao ya kumkinga Glenn na moto wakati wa kurudi imelegea. Vituo vyote katika mtandao viliagizwa kukitazama kipimo hicho kwa makini. Kama kilisema kweli, angeungua. Mwenyewe hakuelezwa wazi kwa muda mrefu. Aliulizwa maswali ya kuzungukazunguka, kama swichi fulani iko mahali pake, na akatambua kuna wanalomficha. Mwishowe waliamua arudi akiwa na roketi za breki zimefungwa juu ya ngao, ili mikanda yake isaidie kuishika. Alirudi katika mvua ya vipande vinavyowaka, akaangukia Atlantiki salama baada ya mizunguko mitatu na saa zisizotimia tano, akaokotwa na manowari iitwayo Noa. Ngao ilikuwa nzima. Swichi ya kipimo ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kisa hicho nimekizungumza na wanagenzi wangu wa kazi ya umeme kwa miaka mingi. Glenn hakupenda kufichwa, na alisema hivyo baadaye: rubani aelezwe anachokabiliana nacho. Nami nadhani alikuwa na haki. Mtu aliye hatarini ndiye wa mwanzo kustahili kuambiwa kwamba bado hatujui kama ni OK. Kumwacha aendelee kuamini mambo ni barabara ilhali wanaomlinda wana wasiwasi, ni kumnyang'anya nafasi ya kuamua juu ya roho yake.

Baada ya Glenn walipita wengine. Scott Carpenter mwezi Mei 1962, Walter Schirra mwezi Oktoba, na Gordon Cooper tarehe 15 na 16 Mei 1963, aliyezunguka mara 22. Safari ya Cooper ilikuwa na jambo lililotugusa. Akiwa juu ya Unguja alituma salamu kwa Afrika nzima, akajitambulisha, akasema punde tu amepita juu ya Addis Ababa, akawatakia mafanikio viongozi wa Afrika waliokuwa wakikutana huko. Mkutano huo ndio uliozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nilipomweleza ami yangu habari hiyo alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Salamu zake zimefika. Na sisi zetu tutazipeleka lini, na kwa mdomo wa nani?" Unguja wakati ule ilikuwa bado haijapata uhuru.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Sultani ikapinduliwa. Siku zile zina maumivu yake kwa kila familia ya Unguja, nasi hatukuwa nje ya hayo, lakini leo sitayafungua. Wamarekani wengi waliondolewa kwa manowari yao Manley. Mwezi Aprili serikali ya Mzee Abeid Karume ikaamua kituo cha Tunguu kifungwe. Mitambo ikafunguliwa na kuondolewa, na shughuli za eneo hili zikahamia Madagaska. Mwisho wa mwezi huohuo Unguja na Pemba zikaungana na Tanganyika.

Nilipoteza kazi niliyoipenda, na sikufurahi. Lakini nilielewa. Jibu la mwaka 1964 lilikuwa jibu la swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwaka 1960. Wangekuja mapema, wakaeleza barazani kama yule msimamizi alivyotueleza saa za vipimo, hii ni antena, hii inapokea hiki, faida yake hii, hatari yake hii, huenda watu wangekubali, na huenda wangekataa. Vyovyote iwavyo, jibu lingekuwa la kwao. Wale mainjinia walihakikisha kila swichi imekaguliwa kabla ya kuendelea, na wenye nchi ndio pekee ambao hawakuitwa kwenye orodha.

Niliendelea na kazi ya umeme mpaka nikastaafu. Uzeeni, nikiwa na muda, nilitafuta asili ya OK yenyewe. Watu wana hadithi nyingi: wengine huipeleka kwa Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw, wengine kwa Wawolofu wa Afrika Magharibi waliopelekwa utumwani. Aliyeitafuta kwa ushahidi wa maandishi ni mwanazuoni Mmarekani, Allen Walker Read, na makala zake zilitoka mwaka 1963 na 1964, miaka ileile kituo chetu kilipokuwa kikimalizia umri wake. Aliikuta katika gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Vijana wa Boston wakati ule walipenda mchezo wa vifupisho vilivyoandikwa makosa kwa makusudi, na maneno yenye maana ya "yote sahihi" wakayaandika oll korrect, kwa kifupi o.k. Mwaka uliofuata, Rais Martin Van Buren akagombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook katika jimbo la New York, wafuasi wake walimwita Mzee wa Kinderhook, herufi zilezile O na K. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini neno likabaki. Halafu simu ya maandishi na reli zikalichukua, kwa kuwa mpiga simu alihitaji jibu fupi la kuthibitisha kwamba habari imefika yote bila makosa.

Kwa hiyo katika waya za karne ya 19 na katika redio za Mercury kazi yake ilikuwa moja: aliyepokea anamthibitishia aliyepeleka kwamba amekagua. Hiyo ndiyo asili ya heshima yake. Sasa neno limeenea hata kwetu, tunaliandika oke, tunalichanganya na sawa na poa, na sina ugomvi na hilo; lugha hukopa na kukopesha. Ninachokitetea ni ule ukaguzi. Nimemwona daktari kijana akimweleza mama mjamzito maneno kumi ya kitaalamu, akamaliza na "oke mama?", na mama akaitikia oke kwa sababu ya heshima. Nimemwona mzee wa shamba akiweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuza ardhi, akiwa ameambiwa tu kwamba kila kitu kiko oke. Nimewaona mafundi wakikabidhi nyumba yenye nyaya zisizopimwa, wakasema oke, na familia ikalala humo.

Wanagenzi wangu wote walijifunza kujibu kwa namna ya Tunguu, na wengine sasa ni mafundi wakubwa wenye wanagenzi wao. Ninayoyasema hapa niliwaambia wao, nawaambia wajukuu, na ningemwambia ami yangu kama angekuwepo. Akikuambia mtu kwamba mambo ni OK, mtake akutajie kipimo alichokisoma. Na akikuomba mtu wewe useme OK, muulize kwanza itakuwaje ukisema bado. Kama hana jibu la hilo, basi hakuja kukuuliza, na huna wajibu wa kumjibu.